Nani Kamwazima Nani?

Ndugu yangu mwenye familia, wewe huhitaji maelezo marefu. Unajua kwamba katika nyumba yenye watu, kitu kuwa chako ni jambo moja na kitu kuwepo ni jambo jingine. Mimi nina ngazi niliyoinunua kwa pesa yangu, lakini balbu ya barazani ikiungua naibadilisha nikiwa nimepanda juu ya ndoo. Juu ya kabati la vyombo kulikuwa na pasi ambayo hakuna aliyekumbuka ilifikaje. Huku kwetu Tabata vitu vinatembea kuliko wenyewe, na anayevipa ruhusa ya kutembea ni mke wangu. Watoto na mimi tunamwita Afande, kwa sababu akisema kesho ni kesho, na akisema hapana hata wauza mitumba hufunga mizigo yao. Ila Afande ana mlango mmoja usio na komeo: mtu akipiga hodi na kusema "niazime", anapewa. Nimeishi naye vya kutosha kujua kwamba hilo halibadiliki, nami silipigi vita.

Mteja mkubwa wa mlango huo ni mdogo wake, Shemeji Mara Moja. Jina kajipa mwenyewe, maana kila ombi lake huishia hapo. "Shem, niazime toroli mara moja." "Shem, ile spana, mara moja tu." Ni kijana mwema. Msiba ukitokea yeye ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, na watoto wanampenda sana. Lakini mara moja yake huanza kabla ya masika na kuisha baada ya vuli.

Mwanetu mdogo, yuko darasa la tano, ndiye aliyeona kwamba nyumba inahitaji utaratibu. Huyu tunamwita Karani. Alichukua daftari la mraba lililobaki nusu, akawa anaandika kila kinachotoka na kila kinachoingia: kwanza neno moja, azima, kisha kitu chenyewe na majina ya watu. Nililipenda sana daftari lile, na siku wageni wakija nililitoa nikawaonyesha. Humo ndani, bila mtu yeyote kujua, kulikuwa na kesi inasubiri siku yake.

Kesi ililetwa na dada yake, Wakili, aliyeanza kidato cha kwanza mwaka huu. Jina hili halina fumbo. Mtoto huyu tangu anajua kusema hajawahi kukubali hukumu ya kwanza. Na wewe mwenye mtoto wa kidato cha kwanza unajua tunachopitia. Shule zetu nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, Kiingereza ni somo moja kati ya mengine. Likizo moja ikipita, mtoto yuleyule anaambiwa hisabati na baiolojia sasa ni kwa Kiingereza. Aliyekuwa akieleza usanisinuru mpaka unaona jani mbele yako anaanza kutafuta maneno ya kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Inaniuma kila nikimwona ameinama juu ya daftari, kwa sababu akili haijapungua hata kidogo. Kilichopungua ni njia ya kuitoa.

Basi Jumamosi moja Wakili alikaa mezani na insha yake fupi kuhusu majirani, uso umevimba. Aliandika kwamba mama yake "borrowed our neighbour a coconut grater", jirani mwenyewe akiwa Mama Mapacha. Mwalimu kazungushia "borrowed" kwa wino mwekundu, pembeni kaandika "lent".

"Baba," akasema, "kamusi inasema borrow ni kuazima. Mama kamwazima Mama Mapacha mbuzi. Kosa langu liko wapi?"

Sijafungua mdomo, hodi ikapigwa. Alikuwa mama mkwe, Bibi Pangani, ameshuka basi na kiroba cha nazi, na huyu akifika hatoi taarifa. Shikamoo zikaitikiwa, maji akanywa, mikono akanawa, na kabla hajakaa vizuri akauliza, "Mbuzi iko wapi nikune nazi? Leo mnakula wali wa watu wa pwani."

Kwa asiyeijua, mbuzi ya nazi ni kigoda cha mbao kinachokunjika, mbele kimechomoza ulimi wa chuma wenye meno kuzunguka ncha yake. Unakikalia, unashika kifuu kwa viganja viwili, unakizungusha taratibu juu ya meno, na nazi inadondoka chini kwenye sinia ikiwa laini na nyeupe. Ya kwetu ilikuwa imeng'aa kwa kukaliwa, na ulimi wake ulikuwa na jino moja lililokatika upande wa kushoto, hivyo mkono uliozoea ulijua pa kulikwepa. Wapo wenye mashine za umeme siku hizi. Bibi Pangani anasema mashine inasaga nazi, haikuni, na tui lake halina roho. Mbele yake hakuna anayebisha.

Afande akamtazama Karani. Karani akafungua daftari, akasoma kwa sauti ya mahakamani: "Azima. Mbuzi. Mama, Mama Mapacha." Akashuka mstari mmoja: "Azima. Pasi. Mama, Mama Mapacha."

"Nani kamwazima nani?" Bibi Pangani akauliza.

Mtoto akaliangalia daftari, akalisogeza karibu na macho. Daftari halikusema. Mistari miwili ilifanana neno kwa neno, kasoro jina la kitu tu, na mmoja ulikuwa wa kitu chetu kilichotoka na mwingine wa kitu cha watu kilichoingia. Hapo ndipo tukaelewa ile pasi ya juu ya kabati ni ya nani. Mama Mapacha alikuwa amepita mara kadhaa akiulizia pasi kwa mafumbo, na sisi tukimuulizia mbuzi kwa mafumbo, kila upande ukistahi kumdai mwenzake.

Wakili akaruka. "Umeona, Baba? Kiswahili kinasema azima kotekote. Basi na borrow iwe kotekote."

Hoja kama hiyo nyumbani kwetu haijibiwi na mtu mmoja. Tukampigia Mzee Kamusi. Huyu ni baba mkwe, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, aliyebaki Pangani na kuku wake. Ukimpigia umuulize hali, atakujibu hali, halafu atakuuliza wingi wa neno fulani. Bibi Pangani akaichukua simu kwanza, akahakikisha kuku wamepewa maji na mlango wa banda umefungwa, kisha akamkabidhi mjukuu.

Tuliweka spika, na sauti ya mzee ikajaa sebuleni. "Mjukuu wangu, borrow ni ya anayechukua. Lend ni ya anayetoa. Kitu ni kilekile, kinapita mlango uleule, lakini Kiingereza kinataka uchague umesimama ndani au nje. Kitu kikija kwako, umeborrow. Kikitoka kwako, umelend. Halafu tazama neno linalofuata: borrow hutembea na from, lend hutembea na to. Ukiona umeandika borrow na huna from ya kumtaja mwenye mali, simama ujiulize."

Akamtaka aombe kalamu kwa njia mbili. Wakili akajaribu: "Can I borrow your pen?" Mzee akasema sawa, hapo anayetenda ni wewe mwombaji. "Can you lend me your pen?" Sawa tena, hapo anayetenda ni mwenye kalamu. Ombi ni moja, kalamu ni moja, ila mwenye kitendo kabadilika. Na lend inakubali kumbeba mtu palepale, "lend me", wakati borrow haimbebi. Huwezi kusema "borrow me" ukapata alama. Wakati uliopita wa lend ni lent. Wakili alikuwa ameshaandika "lended" pembeni, akaikata kabla mwalimu hajaiona.

"Lakini Babu," akasema, "kwa nini sisi tuna moja?"

Jibu lake ndilo lililonikalisha kitako, na tangu siku hiyo nalirudia kwa kila mzazi anayenisikiliza. Sisi hatuna moja. Tunazo mbili, tena zaidi, ila tumezigawa kwa kisu kingine. Kiswahili kinauliza: ni kitu gani? Ukichukua sufuria utakayoirudisha ileile, umeazima. Ukichukua fedha au unga wa dukani utakaolipa baadaye, umekopa. Ukienda kwa jirani kutafuta chumvi ya mboga ya leo, huazimi wala hukopi, unaomba, na jirani anayekudai chumvi ile ataongelewa mtaa mzima. Kiingereza kinatumia borrow kwa sufuria, kwa fedha, na hata kwa kikombe cha sukari ambacho kitaliwa na hakitarudi chenyewe. Swali lake ni tofauti: wewe uko upande gani?

Na upande sisi pia tunautaja. Mzee alimwambia Wakili atamke "nimeazima kalamu kwa Juma" halafu "nimemwazima Juma kalamu". Sikiliza hiyo "m" iliyoingia katikati. Kiambishi kimoja kimegeuza safari yote ya kalamu. Anayetaka kuonekana zaidi atasema "nimemwazimisha", kama kwenye fedha tunavyotoka kwenye kopa kwenda kwenye kopesha. Kiingereza kimefanya kazi hiyo kwa kubadilisha kitenzi kizima. Sisi tunaifanya ndani ya kitenzi. Tatizo la Karani halikuwa lugha yake. Aliandika "azima" tupu, bila kiambishi na bila "kwa", akaiacha haina mwelekeo. Na tatizo la Wakili ni kwamba kamusi ndogo ya shule ilimpa "azima" tupu vilevile, naye akaipeleka kwenye Kiingereza akitumaini ile "m" itamfuata. Haikumfuata.

Hapo simu ikakatika, salio limekwisha. Afande akabonyeza namba za kukopa salio, na Wakili, machozi yamekauka, akasema peke yake: "We borrow from the network. The network lends to us." Bibi Pangani hakujua Kiingereza chake kilisema nini, lakini alimpigia makofi kwa jinsi kilivyosemwa.

Mzee Kamusi aliporudi hewani alikuwa amepata moto. Alimwambia mjukuu wake asijione mjinga, maana kuna lugha kubwa duniani ambazo kitenzi chake kimoja kinakwenda pande zote mbili. Mjerumani ana "leihen" na "borgen", na kila kimoja chaweza kuwa kutoa au kuchukua, sentensi ndiyo inayoamua. Mswidi anayo "låna" kwa yote. Mchina vilevile ana neno moja. Na huko Marekani, katika majimbo kama Minnesota na Wisconsin walikohamia Wajerumani na watu wa Skandinavia kwa wingi, wapo hadi leo wanaosema "borrow me a pencil" na wanaelewana, ingawa mwalimu atawasahihisha kama wa kwetu alivyosahihisha.

Kisha akaeleza asili ya neno lenyewe. Borrow imetoka kwenye neno la Kiingereza cha kale, "borg", lenye maana ya dhamana. Zamani aliyeborrow alichukua kitu na kuacha ahadi nzito nyuma yake, au rehani yenyewe. Afande alipomtafsiria mama yake, Bibi Pangani akatikisa kichwa kwa heshima. "Basi hao Waingereza wa kale walikuwa na akili. Mama Mapacha angeacha sufuria kubwa hapa, mbuzi ingekuwa imesharudi."

Ukishamgusa mwalimu mstaafu hapo huwezi kumzuia. Alitoka kwenye rehani akaingia kwenye *The Merchant of Venice* ya Shakespeare, ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri ikatoka mwaka 1969 kwa jina la *Mabepari wa Venisi*, na yeye Mzee aliisomesha mpaka madirisha ya darasa yakaijua. Bassanio anataka fedha za kwenda kumposa Portia. Anakwenda kwa rafiki yake Antonio. Antonio mali zake ziko baharini, kwa hiyo anakopa kwa Shylock dukati 3,000 kwa miezi 3, rehani ikiwa ratili moja ya nyama ya mwili wake, halafu fedha hizo zinamsaidia Bassanio. "Sasa niambie, mjukuu wangu, Antonio kaborrow au kalend?"

Wakili akafikiri. "Vyote viwili, Babu. Kaborrow from Shylock, kalend to Bassanio."

"Na nani anabaki kwenye hatari?"

"Aliye katikati."

Afande aliyekuwa akichambua mchele alinyamaza kidogo. Nadhani alianza kuiona njia iliyokuwa mbele yake.

Karani naye hakupoteza muda. Alipiga mstari wima katikati ya ukurasa mpya. Upande wa kushoto akaandika Borrow na chini yake "kimekuja, kutoka kwa". Upande wa kulia Lend na chini yake "kimekwenda, kwa". Familia nzima tukakaa kumkumbusha. Pasi, kushoto, from Mama Mapacha. Ngazi, kulia, to Shemeji Mara Moja. Toroli, kulia, kwa huyohuyo. Spana, kulia. Jamvi la msibani, kushoto, kutoka kwa mwenyekiti wa mtaa. Birika kubwa la chai lilizua ubishi, Afande akishikilia kwamba ni letu na mimi nikishikilia kwamba si letu, likaandikwa kushoto kwa penseli.

Kisha Wakili akabeba pasi mikononi, akaenda kwa Mama Mapacha, akarudi na mbuzi na salamu nyingi. Mama Mapacha alifurahi mpaka akaongeza maandazi. Bibi Pangani akaipokea mbuzi, akaikunjua, akapitisha kidole kwenye jino lililokatika. Halafu akaigeuza chini juu. Kwenye mbao, upande usioonekana, palikuwa na alama ya moto, msalaba mdogo uliochomwa kwa msumari.

"Hii ni mbuzi yangu," akasema.

"Si ulinipa, Mama, nilipoolewa?" Afande akajibu, na sauti yake kwa mara ya kwanza siku hiyo haikuwa ya kiafande.

"Nilikuazima, mwanangu. Nilisema mpaka mumeo akununulie ya kwako." Macho yote yakanigeukia mimi, nami nikaenda kuangalia kama mkaa umeshika.

Nilipopita tena nyuma ya Karani alikuwa ameduwaa na kalamu. Mbuzi aiweke upande gani? Dada yake ndiye aliyemwelekeza. Kushoto, from Bibi. Kulia, to Mama Mapacha. Iliandikwa pande zote mbili, na mama yao katikati, mahali pa Antonio. Wakili akafungua daftari lake la shule na kuandika upya, akisema kila neno kwa sauti: "My mother borrowed the coconut grater from my grandmother and lent it to our neighbour." Nimesoma barua nyingi za ofisini zenye mihuri, lakini sijaona sentensi iliyosimama sawasawa kama ile. Kila mtu ndani yake anajulikana amepata nini, kutoka kwa nani, na anatakiwa arudishe wapi.

Wali tulikula. Tui lilikuwa na roho, Bibi Pangani hajawahi kukosea hapo.

Tangu siku hiyo maneno haya mawili yamekuwa wakazi wa nyumba, na tumeendelea kuyakuta kwenye mambo madogo. Maktaba inalend, msomaji anaborrow. Mtu akitaka kutumia choo chako, kwa Kiingereza hasemi borrow, anasema use, kwa sababu choo hakibebeki. Simu anaweza kuiborrow hata kama haitoki nje ya mlango, maana imehama mkono. Msaada wa kazi ni "lend a hand", kumsikiliza mtu kwa moyo ni "lend an ear", na hapo kwa kawaida hakuna mwenye kuborrow. Wamarekani hutumia pia "loan" kama kitenzi cha kutoa, wakati Waingereza wengi wanaiacha ibaki jina la mkopo wenyewe. Na Karani alirudi na hesabu ya kutoa, 52 kutoa 17, mwalimu kamwambia "azima kumi". Akauliza kumi hiyo itarudishwa lini kwa 5. Hatujampa jibu la kumridhisha.

Ninachotaka kuwaomba walimu wa kidato cha kwanza, kwa mapenzi yote, ni hiki. Mkifika kwenye borrow na lend, msiishie kwenye kuandika "azima" mara mbili ubaoni. Chukueni kalamu, itoke mkono wa mtoto mmoja iende wa mwingine, na wote wawili waseme kilichotokea, kila mmoja kwa upande wake, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Waonesheni ile "m" ya "nimemwazima", waone kwamba lugha yao tayari inajua tofauti hii. Mtoto anayejua kwamba anayo maarifa tayari hujifunza Kiingereza akiwa amesimama wima. Wakili wetu amebadilika kwa jambo hilo moja, na sasa ananisahihisha mimi na babu yake kwa zamu.

Jana jioni Shemeji alikuja kuchukua nyundo, mara moja tu. Karani akamfungulia mlango akiwa na daftari mkononi, akamtaka aweke sahihi upande wa kulia, na Shemeji akaweka. Afande akampa na misumari.